Aliyempakata Radhiya

Gari lilikuwa limeinama upande wa kushoto. Abdulghafur alilikuta hivyo asubuhi, chini ya banda la makuti kando ya matanuri yake ya chokaa: upande wa dereva umeinuka, upande wa abiria umedidimia, kana kwamba mtu mnene ameketi humo akingoja kupelekwa mahali. Alitazama magurudumu, yalikuwa na upepo. Alitazama springi, zilikuwa nzima. Akalisukuma kwa bega, likayumba, kisha likarudi kuinama vile vile.

"Ni mtanga tu," alijiambia, akaupiga teke mchanga. "Banda halikusawazishwa."

Lilikuwa gari kuukuu la mashindano, la viti viwili, lisilo na paa. Mzungu mmoja aliyejenga nyumba Ras Kitau ndiye aliyelileta kisiwani Manda kabla ya vita, na aliporudi kwao akamwachia Abdulghafur, aliyekuwa akimuuzia mawe na chokaa. Njia ya kufaa gari ilikuwa moja tu kisiwani, ile iliyotoka kwenye matanuri hadi ufuoni Ras Kitau, nayo ilikuwa mawe matupu yenye meno. Gari lililoundwa kwa barabara laini lilipita hapo kama sinia linaloburutwa ngazini, na viti vyake vilikuwa ngozi juu ya ubao.

Abdulghafur asingejali, lakini mkewe Radhiya alikuwa na mimba. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na iliharibika ndani ya gari hilo hilo, njiani kwenda ufuoni kuvuka mpaka Amu, mji wa ng'ambo. Safari hii aliapa kwamba gari litalainika. Alipunguza upepo wa magurudumu. Alichomoa baadhi ya mabamba ya springi, akayapaka yaliyobaki mafuta ya papa ili yateleze. Mwisho akamwita Badawi, fundi wa magodoro wa Amu, aje ashone viti upya.

Badawi alimaliza kiti cha dereva, sufi ikamwishia.

"Ipo pale," Abdulghafur alisema, akaonyesha nyuma ya matanuri, kwenye gofu la nyumba ya mawe ya watu wa kale. Msufi ulikuwa umeota uani mwake, na sufi nyeupe ilikuwa imetanda chini.

Walipofika mlangoni Badawi alisimama. "Bisheni hodi kwanza, Bwana."

"Nimbishie nani? Nyumba haina hata dari."

"Nyumba ina wenyewe."

Abdulghafur alicheka, akaingia peke yake, akajaza gunia. Badawi alishona kiti cha kushoto, akaondoka jioni hiyo hiyo. Asubuhi yake ndipo gari lilipokutwa limeinama.

Ijumaa walikwenda ufuoni ili Radhiya avuke kumwona mamake. Alipanda kwa hadhari, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Gari lilipoanza kupanda mawe, mikono ikamlegea.

"Kama kukaa juu ya mai," alisema, akafumba macho kama anayeelea.

Abdulghafur alifurahi, lakini furaha yenyewe haikumkaa vizuri. Yeye kwenye kiti chake alikuwa akirushwa mpaka meno yanagongana. Alimtazama mkewe: hata ncha ya buibui lake haikutikisika.

Tangu siku hiyo Radhiya akawa anakwenda kukaa garini hata kama hakuna safari. Alisema mgongo humpoa. Adhuhuri moja, wafanyakazi wakiwa wamelala, Abdulghafur alisikia bandani sauti ya mwanamke akiimba chini chini, wimbo wa kubembelezea mtoto. Alitabasamu, akaenda. Radhiya alikuwa amelala kitini, kichwa kimeanguka nyuma, kinywa kimefungwa. Wimbo uliendelea.

"Radhiya!"

Wimbo ulikatika. Alimshika mkewe mkono akamvuta, na kiti kikamzuia, kikamvuta kwake kwa nguvu ya taratibu kama mtu asiyetaka kupokonywa, mpaka Abdulghafur alipopiga bismillahi kwa sauti ndipo Radhiya akatoka, mzito, mwili wa moto, na harufu ikatoka pamoja naye: harufu ya nyumba iliyofungwa miaka mingi, ya mavi ya popo, na chini yake harufu ya maziwa yaliyochacha. Kwenye mto wa kiti yalibaki mabonde mawili marefu, mapana, yaliyoachana. Hayakuwa mabonde ya makalio ya Radhiya. Yalikuwa mapaja. Alipokuwa akiyatazama, paja moja likasogea likajikunja karibu na lenzake.

Alimleta Bi Mwanamkisi kutoka Wiyoni, mtaa wa Amu, mama mtu mzima aliyejulikana kwa kusomea wagonjwa na kuzalisha. Bi Mwanamkisi hakuuliza mengi. Alichoma ubani, akakizunguka kiti huku akisoma Ayatul Kursi, kisha akainamisha uso karibu na ngozi.

"Nani wewe?"

"Mwenye nyumba." Sauti ilitoka kitini, ya mwanamke, tulivu, kwa matamshi ya Amu ya kale.

"Wataka nini kwa mwana wa watu?"

"Sina mwana. Nimempata, nimempakata. Nyinyi mwamtesa kwa mawe, mimi namtukua mapajani."

"Mwache."

"Sikuya mwenyewe. Nilitiwa guniani, nikaletwa."

Bi Mwanamkisi alimgeukia Abdulghafur, na uso wake haukuwa wa hasira. "Rudisha ulichotwaa. Chote. Na hodi ubishe leo."

Abdulghafur alipasua kiti kwa kisu. Sufi ya ndani ilikuwa vuguvugu. Alibisha hodi kwenye lile gofu, akairudisha uani, akaomba radhi mbele ya kuta tupu. Aliporudi bandani gari lilikuwa limesimama sawa, na kiti cha kushoto kilikuwa ubao mtupu. Bi Mwanamkisi alisema atabaki pale Manda mpaka Radhiya ajifungue.

Uchungu ulianza siku ya Idd, alasiri, wafanyakazi wote wakiwa wamevuka kwao. Bi Mwanamkisi alimpapasa Radhiya tumbo kwa muda mrefu.

"Mtoto amelala upande," alimnong'oneza Abdulghafur nje ya mlango. "Mimi siwezi. Mpeleke hospitali Amu."

"Kwa gari? Gari lile?"

"Hakuna watu wa kumbeba kwa kitanda. Sikiza. Mimi sitaenea, nitafuata kwa miguu. Yule tumemtoa kitini, lakini njia yapita nyuma ya nyumba yake. Akikuuliza neno, usimwitikie. Akuulize lolote, usimwitikie."

Walimlaza Radhiya juu ya ubao, wakamkunjia mkeka chini. Abdulghafur alitia gari gea. Jiwe la kwanza lilimtoa Radhiya ukelele ambao hakuwahi kuusikia kwa binadamu. Alipunguza mwendo, ikawa vibaya zaidi, kwa kuwa kila jiwe sasa lilipandwa polepole na kushukwa polepole. Walipofika nyuma ya lile gofu damu ilikuwa imelowesha mkeka, na ile harufu ya maziwa ikaingia garini.

"Nimtukue?" sauti iliuliza, kando ya sikio lake.

Abdulghafur alisoma kwa sauti. Gari likaruka, Radhiya akalia.

"Aumia. Nimtukue?"

Aliuma ulimi, akakaza usukani, akaendelea kusoma mpaka maneno yakamchanganyika, sura hii ikaingia katika ile, na mawe hayakwisha, na jua lilikuwa likishuka, na Radhiya sasa hakuwa akipiga kelele tena bali akitoa mlio mwembamba usiokatika, na mkono wake uliolowa damu ukamshika mumewe kanzu.

"Bwana," alisema Radhiya. "Mwambieni ndiyo."

"Radhiya, usiseme."

"Siwezi tena. Nafa. Mwambieni ndiyo, nawaomba."

Alimtazama. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Mbele, jabali refu kuliko yote lilikatiza njia.

"Mtukue," Abdulghafur alisema.

Gari likapita juu ya jabali kama linapita juu ya zulia. Hakusikia chuma, hakusikia jiwe. Kiti chake mwenyewe kikatulia. Mlio wa Radhiya ulikatika, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, na Abdulghafur akalia kwa shukrani, akakanyaga mafuta, gari likaenda mbio kama lilivyoundwa kwenda, mpaka maji yakaonekana na mashua iliyofungwa ufuoni.

"Tumefika," alisema. "Radhiya, tumefika."

Aligeuka. Buibui lilikuwa limekaa wima kitini, limejaa, kichwa na mabega na magoti. Alinyoosha mkono, na kabla hajaligusa likaanza kushuka, taratibu, mabega yakaingia ndani, likalala bapa juu ya ubao, tupu. Chini yake kitu kikajipinda, kikalia. Mtoto wa kike, msafi, kitovu kimefungwa, amezungushiwa ushungi wa mamake.

Bi Mwanamkisi alimkuta amepiga magoti mchangani, amemkumbatia mtoto, analitazama gari. Alimtazama mtoto, akatazama buibui.

"Uliitika?"

Abdulghafur aliinamisha uso juu ya mtoto. Bi Mwanamkisi alimtwaa mtoto, akamfunika uso kwa kanga yake. "Ingia mashuani. Usigeuke."

"Mke wangu..."

"Ingia."

Alisukuma mashua, akashika kasia akitazamana na pwani aliyoiacha, na Bi Mwanamkisi akaketi mbele yake ili amzibe asione. Walikuwa hawajafika mbali aliposikia.

"Bwana! Mbona mwaniwata peke yangu?"

Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa sauti ya Radhiya wa siku zote, Radhiya anayemwita mumewe chakula kimepoa. Kasia likasimama majini.

"Ni yeye."

"Si yeye."

"Ni sauti yake, Bi!"

"Sauti ni yake," Bi Mwanamkisi alisema kwa upole. "Piga kasia, mwanangu. Huyu ana njaa."

"Bwana! Ndooni mnitwae! Niko hapa, siumwi tena!"

Abdulghafur akapiga kasia. Alipiga huku analia, na sauti iliita mpaka wakafika katikati ya mkondo, wala haikupungua kwa umbali. Upande wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Amu kilichokuwa mbele yao, watu wa Idd walikuwa wamejaa ufuoni na nguo zao mpya. Waliposikia mtoto analia mashuani wanawake wakapiga vigelegele, na mamake Radhiya, aliyekuwa ameteremka na binamu zake kupunga upepo, akamtambua mkwewe, akaingia majini na viatu vyake miguuni, amenyoosha mikono yote miwili kumshika bintiye asijikwae anaposhuka.