Bakshishi Kwenye Pipa la Mchele

Kila asubuhi Marivic Dumlao alikaanga wali kwa vitunguu saumu. Kisha alimwamsha mumewe, Rodel, nao wakala pamoja kabla ya kazi. Marivic alikuwa mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya kamari, Las Vegas. Rodel aliendesha basi la kuchukua wageni uwanja wa ndege. Wakati wa kula, Rodel alimwuliza mkewe maswali ya uraia.

"Bunge lina sehemu ngapi?"

"Mbili."

"Nani anaosha vyombo leo?"

"Wewe."

"Umefaulu, mama. Usaili huo umekwisha."

Usaili wenyewe ulikuwa umekaribia. Marivic aliutaka uraia kwa sababu moja tu. Mama yake, Nanay Pacita, yaani Mama Pacita kwa lugha ya kwao, aliishi peke yake kule Iloilo, Ufilipino, na macho yake yalikuwa yanafifia. Mwenye kibali cha ukaazi, kama yeye, haruhusiwi kumwombea mzazi wake aje kuishi Marekani. Raia anaruhusiwa.

Wageni wa mkahawa walimpenda Marivic. Walimwachia noti chini ya sahani. Wacheza kamari walioshinda walimwachia vibao vya kasino, vile vya plastiki ambavyo ukivipeleka dirishani unapewa pesa. Kila mwezi Marivic alimtajia meneja bakshishi zote alizopata, kama sheria inavyotaka. Kodi ikakatwa kwenye mshahara wake.

Kiangazi kilichopita, habari mpya ilienea jikoni. Serikali imesamehe kodi ya mapato kwenye bakshishi! Darlene, mhudumu mwenzake, alicheza huku ameshika birika la kahawa.

"Shoga, raha iliyoje!" alisema Darlene. "Sasa meneja unamtajia ya nini? Hiyo ni siri yako na soksi yako."

Marivic aliamini. Nani asingependa kuamini habari tamu kama hiyo? Akaacha kumtajia meneja noti na vibao. Pesa zote alizifunga kwenye mfuko, akazificha chini kabisa ya pipa la mchele. Zilikuwa za nauli ya mama, na hakugusa hata moja.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, hoteli ilimpa karatasi ya mapato yake ya mwaka. Rodel aliisoma mezani ili wajaze ritani ya kodi, ile fomu ya kuitajia serikali mapato ya mwaka.

"Mke wangu, mbona bakshishi zako za taslimu zinaishia mwezi wa saba? Siku hizi unawanunia wageni?"

Marivic akacheka. "Zimo kwenye mchele."

Rodel hakucheka. "Hukumwambia meneja?"

"Si zimesamehewa?"

"Kusamehewa ni kitu kimoja, kuficha ni kingine. Dereva mwenzangu alificha, akapigwa faini." Rodel aliiweka chini ile karatasi. "Na afisa wa uraia akikuuliza habari za kodi, utamjibu nini?"

Akilini Marivic alimwona mama yake akipapasa ukuta kutafuta mlango, hana wa kumshika mkono.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia nyumbani kwao. Marivic akiona bahasha, anaiacha bila kuifungua. King'ora cha polisi kikilia barabarani, anaacha kula. Kazini aliogopa hata kuokota noti mezani. Mara mbili alimwagia mgeni kahawa. Mwenye hatia, kweli, hukimbia asipofukuzwa.

Jioni moja kengele ya mlango ililia. Rodel alizima televisheni. Marivic aliinama nyuma ya kochi.

"Mimi ni Teodora, jirani yenu!" sauti ilisema nje. "Nimewaletea ndimu. Na msijifiche, nawasikia mnavyopumua."

Bi Teodora Quezada alikuwa mstaafu. Zamani alishughulikia mishahara ya wafanyakazi wa hoteli. Kila msimu wa kodi alijitolea maktabani kuwajazia watu ritani bure. Alipoona macho ya Marivic, aliweka ndimu chini.

"Haya, mwanangu. Umekumbwa na nini?"

Marivic alisema yote, na machozi yakamtoka. "Nitafungwa, Bi Teodora? Watanirudisha? Mama yangu je?"

"Tulia kwanza. Hofu ni mshauri mbaya. Msamaha upo, ni kweli. Lakini ni wa bakshishi iliyotajwa. Usipoitaja, utasamehewa nini?"

"Darlene alisema..."

"Darlene anajua kumimina kahawa. Sikiliza. Unataja bakshishi zote, noti na vibao pia. Halafu kwenye ritani unaomba zipunguzwe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Mwisho ni dola elfu ishirini na tano kwa mwaka."

"Kwa hiyo silipi kitu?" Rodel aliuliza.

"Polepole, mkwe wangu. Makato ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni bado yapo. Hayo hayakusamehewa. Na ni kwa faida yenu. Bakshishi uliyoificha leo haitakuhesabia pensheni kesho."

"Na ile ada ambayo hoteli inaongeza yenyewe kwenye bili ya kundi kubwa?" Marivic aliuliza.

"Hiyo si bakshishi. Mgeni hakuitoa kwa hiari yake, kwa hiyo haimo kwenye msamaha. Tena sheria yenyewe ni ya miaka michache. Kila mwaka uliza upya."

"Lakini mimi nimeshakosea!"

"Basi sahihisha kabla hujaulizwa. Kuna fomu ya bakshishi ambazo hukumtajia mwajiri. Utalipa makato yake, na msamaha utaupata vilevile. Inawezekana watu wa kodi wakataka faini. Tutaandika maelezo kwamba ulikosea bila nia mbaya, na wanaweza kukuondolea."

Siku iliyofuata Marivic alikwenda maktabani. Alimpa Bi Teodora karatasi zake kama mtoto anayepeleka mkono kuchomwa sindano. Fomu zilipojazwa aliyalipa makato kutoka kwenye mfuko wa pipani, na sehemu kubwa ya pesa ikabaki. Kazini alianza tena kumtajia meneja bakshishi zake kabla ya tarehe kumi ya kila mwezi. Darlene naye alivutwa mkono mpaka kwa Bi Teodora, huku akilalamika njia nzima.

Siku ya usaili, afisa alimtazama.

"Je, kuna kodi yoyote unayodaiwa?"

Hofu haikuisha yote, nisiseme uongo. Lakini sasa alikuwa na jibu.

"Hakuna. Nilikosea, nikasahihisha mwenyewe. Ritani hii hapa."

Afisa aliisoma, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na swali la bunge.

Baada ya kula kiapo cha uraia, Marivic alimpigia simu mama yake.

"Nanay, nimekuwa raia. Leo nimepeleka maombi yako. Yatachukua muda, lakini nauli yako iko benki."

Nanay Pacita alilia kwanza. Kisha akauliza, "Nikuletee nini, mwanangu? Mchele?"

"Njoo mikono mitupu, mama. Siku hizi kwenye pipa letu mna mchele tu."