Nyota kwenye Kitanda cha Binti

Wodini walimwita Mama Kimya, na jina hilo hakupewa bure. Alifagia bila kugonga kitu, akapiga deki bila kusikika, akapita katikati ya vitanda kama harufu ya sabuni. Ungefumba macho usingejua amekuja. Ungefumbua ungekuta sakafu inang'aa, unaweza kujitazama uso.

Alikuwa na desturi yake moja. Kitanda cha mgonjwa aliyelala hakigusi.

"Mtu kapata usingizi kwa taabu, nimwamshe kwa ajili ya kitambaa?" alisema. "Sina roho hiyo."

Siku hizo alitembea taratibu zaidi, kwani binti yake alikuwa amelazwa humo humo. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na kichanga kililala ubavuni mwake. Mapazia yakipepea, mwanga ukiingia na kutoka, Mama Kimya aliwatazama wawili hao akasahau hata ndoo ameiacha wapi. Alijiona yuko ndotoni, na ndoto ilikuwa tamu.

Ila jambo moja lilimnyima raha. Wanawake wawili wa vitanda vya jirani walikuwa na homa. Mishono yao ilikuwa imetunga usaha. Je, na binti yangu? Alijiuliza hivyo kila alipokamua tambara.

Asubuhi moja, alipomaliza kazi, aliingia muuguzi anayesimamia usafi wa hospitali. Alishika tochi ndogo.

"Mama Kimya, nisaidie kufunga mapazia."

"Mchana kweupe, Sista? Unataka kulala?"

Muuguzi akacheka. "Nataka kupima usafi. Jana nilipita na kalamu ya wino usioonekana. Nikaweka vidoa mahali ambapo watu hushikashika. Wino huo hauna madhara, na ukifutwa vizuri unatoka. Usipofutwa, tochi hii inausema."

"Yaani umenitega?"

"Sijakutega, mama. Macho yetu hudanganywa na kung'aa. Hata yangu."

Mapazia yakafungwa. Wodi ikajaa kiza laini, na sauti za watu zikashuka zenyewe. Tochi ikatoa mwanga wa zambarau. Ikamulika kitasa cha mlango, hakuna kitu. Swichi, hakuna kitu. Bomba, hakuna kitu. Mama Kimya akavimba kichwa kidogo.

Kisha tochi ikageukia vitanda. Kwenye chuma cha pembeni, kidoa cha buluu kikawaka. Kingine kikawaka kwenye kimeza, kingine kwenye kengele ya kumwitia muuguzi. Wodi nzima ikawa na nyota.

"Jamani, inapendeza!" mgonjwa mmoja alisema.

Ilipendeza kweli. Mama Kimya naye alitazama kwa mshangao, mpaka tochi ilipofika kwa binti yake aliyelala. Nyota moja iliwaka pale pale anaposhika chuma ili ainuke. Kwa mkono huo huo humbeba mtoto. Kwa mkono huo huo hugusa mshono.

Mama Kimya akasogea karibu. "Sista, hivyo ndivyo vijidudu?"

"Hapana. Vijidudu hatuvioni kwa tochi hii. Inatuambia tu kwamba hapa kitambaa hakikupita. Pasipofutwa, vijidudu vya mgonjwa wa jana vinaweza kubaki. Mkono unavichukua, unavipeleka kwenye kidonda."

"Sikutaka kumwamsha," Mama Kimya alisema. "Nimemhurumia mwanangu, kumbe nimemwachia hatari. Na wale wawili?"

"Hatujui homa yao imetoka wapi. Mikono yetu sisi wauguzi nayo hubeba. Ona." Akamulika meza ya dawa. Nyota ikawaka. "Hii ni juu yetu kuifuta."

Wodi nzima ikaangua kicheko, na Mama Kimya akapata pumzi.

Mapazia yakafunguliwa. Muuguzi akamwonyesha. Kila kitanda kiwe na kitambaa chake safi chenye dawa ya kuua vijidudu. Anza na palipo safi, malizia na palipo pachafu. Kitambaa kilichotumika kisirudi ndooni. Dawa iachwe ikae kama maelezo ya chupa yanavyosema, usiikaushe haraka.

"Na aliyelala?"

"Mwamshe kwa upole. Atalala tena."

Siku zilizofuata muuguzi aliweka vidoa bila kusema wapi. Nyota zikapungua. Mara kikasalia kimoja, nyuma ya kengele, na Mama Kimya akakikaripia kama mwizi aliyekamatwa. Wale wanawake wawili walitibiwa wakapata nafuu. Wodini hakuna mwingine aliyepata homa.

Ikafika asubuhi ya binti kuruhusiwa. Mapazia yalifungwa, tochi ikazunguka kitanda kwa kitanda. Giza tupu.

"Mbona leo hakuna nyota?" mgonjwa mmoja alilalamika.

"Ndivyo tunavyotaka," alijibu Mama Kimya.

Mwanga uliporudi, binti yake alikuwa bado anasinzia. Akamgusa bega.

"Mama, jamani! Umeniamsha tena."

"Nimekuamsha."

Alifuta chuma chote, juu na chini, akasubiri dawa ikauke yenyewe. Hakuwa na haraka.

"Sasa shika, mwanangu."

Binti akashika chuma, akainuka, akanyoosha mikono kumchukua mtoto wake.