Yannick Aliniambia Mimi, Mimi Nikamwambia Patron

— Gracia, ni nani alimuambia patron?

Yannick alikuwa amesimama mlangoni mwa biro, ofisi yangu, mikono imejaa vumbi la saruji. Hakupiga kelele. Yannick akikasirika sauti yake inashuka, na Ijumaa ile ilishuka mpaka nikaacha kuandika ili nimsikie.

— Alimuambia nini?

— Kwamba niko na kifafa. Ananiita mbele ya baclients, ananiambia nishuke kwa ngazi. Kisha anasema toka lundi ya juma inakuja nisikuye tena kazi, nitapata barua. Gracia, mu Bunia muzima, inje ya mama yangu, ni batu wawili tu njo banajua. Docteur Camille na weye.

Hapo ndipo Mungu aliponipa nafasi ya kuwa mtu mzima. Nami nikafungua huu mdomo wangu mkubwa nikasema:

— Labda ni docteur.

Maneno matatu. Alinitazama kidogo, akaamini kwa sababu alikuwa ananipenda, akaondoka.

Ngojeni nieleze kabla hamjanitukana. Mimi ni sekretere wa depo ya vifaa vya ujenzi: misumari, rangi, mabati. Yannick ndiye mtunza depo. Alitoka Fataki na mama yake wakikimbia vita, akaanza kwetu kama mbeba mizigo, leo hakuna boliti asiyojua inalala wapi. Tunapendana mwaka wa pili huu. Kifafa anacho tangu utoto, anameza dawa asubuhi na jioni, na kwa miezi mingi hakuanguka. Aliponiambia, aliniomba kitu kimoja tu:

— Kwa kazi nitasema miye mwenyewe. Niko natafuta siku ya muzuri.

Siku ya muzuri ikachelewa. Jumanne ile nikamwona juu kabisa ya ngazi, kopo la rangi begani, amesimama kama sekunde kumi macho yamekwama hewani. Sikumngoja hata ashuke. Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Hubert, patron wetu, mwenye depo, nikasema: "Patron, mumushushe Yannick kwa ile ngazi, iko na kifafa, siku moja ataanguka." Nilitaka ashushwe kwenye ngazi. Patron akawaza siku tatu, akamshusha mpaka barabarani.

Saa sita watu wa depo huwa wanakula pamoja, bugali na sombe ya majani ya muhogo kwenye beseni moja. Ijumaa hiyo Constant, mfanyakazi mwenzetu aliyezoea kucheka na Yannick, alishika kijiko cha Yannick kwa karatasi akakitupa nyuma ya ukuta.

— Constant, ni nini hiyo?

— Ya Gracia, dada yangu, ile povu ya kinywa inaambukiza. Kwetu mutu akianguka hatumugusake.

— Ni nani alikudanganya?

— Batu bote banajua!

Sijamaliza kugombana naye, patron akaniita.

— Gracia, uniandikie ile barua ya Yannick. Na maneno ya mupole, lakini ya kumaliza.

— Patron, imprimante haina wino.

Ilikuwa na wino. Siku hiyo uongo ulikuwa unanitoka wenyewe. Nikarudi kwenye kiti changu, simu ikalia. Ujumbe wa Yannick:

"Sitarudia tena kwa ule docteur. Dawa iliisha jana, iishe tu. Afazali nianguke kuliko kuuzwa na mutu mwenye niliamini."

Niliusoma mara tatu. Nikampigia, hakushika. Nikampigia tena, akakata. Nikampigia Docteur Camille.

— Docteur, Yannick anasema hatarudi kwako.

— Gracia, juu ya mugonjwa wangu sisemaki na mutu, ata weye. Nakuambia tu kitu yenye ninaambiaka kila mutu: dawa ya kifafa haiachwake gafula. Mutu anaweza kuanguka, arudie kuanguka, asiamuke tena.

Mwanamke huyu alikuwa anamficha Yannick hata kwangu, na mimi ndiye niliyemwita msaliti. Nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka.

— Docteur, nilimuambia kwamba ni weye njo ulisema. Ni miye nilisema.

Nikamsikia akifunga mlango wa biro yake.

— Miye utaniomba musamaha siku ingine. Yee, leo.

Nikashika moto, pikipiki ya abiria, mpaka Mudzipela, kwao Yannick. Yannick alikuwa uani, anapasua kuni za mama yake kwa nguvu ambazo kuni hazikuhitaji.

— Rudia kwenu, Gracia. Leo siko na maneno.

— Ni miye.

— Ni weye nini?

— Ni miye nilimuambia patron. Docteur hakusema kitu. Nilikuona kwa ngazi nikaogopa, nikaenda kusema. Kisha ukaniuliza, nikaogopa tena.

Aliweka shoka chini. Nilitamani apige kelele.

— Kuogopa ngazi, ile nasikia, akasema. Ata miye naiogopaka. Lakini uliniacha nichukie mutu mwenye ananichunga. Nilitaka kuacha dawa, Gracia, juu ya maneno yako.

— Najua.

— Haujui. Maisha yangu yote batu banasema mu fasi yangu. Kwa masomo, kwa kanisa, kwa kambi. "Huyu mutoto iko na ile kitu." Weye njo mutu wa kwanza nilimuambia na mudomo yangu. Wa kwanza!

Nikalia. Hakunibembeleza, na alikuwa na haki.

— Unifukuze, nikasema, nitaenda. Lakini twende kwanza kwa docteur. Kisha hautaniona tena kama hautaki.

Akanawa mikono, akavaa shati, tukapanda moto moja. Kwa docteur alikaa ndani karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa na dawa mkononi, na uso wa mtu aliyeamua jambo.

— Uko na kalamu?

— Niko nayo.

— Lundi sitabaki nyumba. Nitaenda kuongea na patron. Weye utaandika maneno yangu vile ninasema, hautaongeza ata moja.

Tukakaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, daftari kwenye magoti yangu.

— Andika. "Miye Yannick, mutunza depo, niko na kifafa na niko nameza dawa. Kazi yangu ninaiweza. Ngazi njo siiwezi."

— Niweke pia kwamba weye njo unajua depo kuliko...

— Gracia.

Nikarudisha kalamu kwenye karatasi.

— "Naomba kazi ipangwe hivi. Vitu vya juu, Constant apande, miye nimuonyeshe fasi biko. Miye nibaki chini, nipokee mizigo na niandike. Zamu ya usiku, hapana, juu kukosa usingizi kunaniangusha. Na batu wawili bafundishwe kitu ya kufanya nikianguka." Uliandika yote?

— Yote.

— Soma.

Nikasoma. Kilikuwa kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na sikuongeza hata nukta.

Jumatatu saa mbili alisimama mbele ya meza ya patron, mlango wazi, watu wote wa depo wamejaa kwenye korido. Papa Hubert alisoma karatasi mpaka mwisho, akaitupa mezani.

— Mwanangu, hapa si hospitali. Ukianguka ukakufa, mama yako ataleta kilio hapa kwangu. Bunia muzima itasema Hubert anaua batu.

— Patron, unaogopa nianguke. Ata miye naogopa. Njo maana naomba kubaki chini.

— Na baclients bakikuona?

— Bataniona niko nafanya kazi. Docteur aliniambia kuna sheria ya inchi toka 2022, patron. Inasema mwenye kazi apangie mutu mwenye ulemavu kazi yenye anaweza, asimufukuze.

— Sheria ya Kinshasa!

— Na siye tuko Congo.

Kwenye korido mtu alicheka. Patron akageukia kwangu, jasho usoni.

— Gracia, ile barua iko wapi?

Nikamtazama Yannick. Hakunipa ishara yoyote, ila jambo hili lilikuwa langu mwenyewe la kusema.

— Haiko, patron. Imprimante iko na wino, nilikudanganya. Ile siri niliyokuletea haikuwa yangu, niliiba. Barua ya kumufukuza sitaandika. Kama unaitaka, uandike na mukono yako, na uniandikie na yangu.

Patron na kompyuta hawajawahi kusalimiana, depo nzima inajua. Kisha Constant akakohoa.

— Patron, ngazi nitapanda miye. Vendredi, ile siku alienda, mutu aliomba misumari ya inchi ine, tulitafuta mpaka mangaribi. Bila Yannick tumepotea humu ndani. 

Halafu akamgeukia Yannick, sauti ndogo:

— Lakini uniambie kweli. Ile povu?

— Ni mate tu, Constant. Haiambukizake. Nikianguka unilaze kwa upande, usiweke kitu mu kinywa, uangalie saa. Ikipita dakika tano, uite docteur.

— Basi? Ni ile tu?

— Ni ile tu.

Constant akatikisa kichwa, ameona haya.

Papa Hubert alishika kalamu, akaizungusha vidoleni.

— Miezi tatu. Tutaona.

— Aksanti, patron. Uandike hapo chini, na utie sinyatire.

Akatia sahihi. Nilitaka kuruka juu. Yannick alichukua karatasi, akaikunja, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kufungua depo.

Wiki tano alinisalimia kwa kazi tu. "Bonjour, Gracia. Mabati yamefika, Gracia." Nilistahili, nikavumilia. Wiki ya sita akasimama tena mlangoni.

— Dimanche nitafika kwenu na mama. Baba yako hajui ugonjwa yangu. Nitamuambia miye.

Nikaitikia kwa kichwa, niliogopa kulia mbele ya wateja.

Jumapili baba yangu, Papa Dominique, alimwacha Yannick akae, akamwacha anywe maji, kisha akaanza.

— Kijana, jana nilimuuliza huyu binti yangu kama uko na kitu yenye siye tunapaswa kujua. Anakataa kusema. Anasema, "Baba, iko na mudomo, mumuulize." Toka azaliwe sijawai kumuona anafunga kinywa. Njo nikaogopa. Sema weye.

Yannick akageuka akanitazama. Wiki sita nzima sikuwa nimeyaona macho yale. Kisha akamwambia baba yote: kifafa, dawa, docteur, ngazi, karatasi ya patron. Hakupunguza kitu. Mama yangu alishika kitambaa chake mdomoni. Mimi nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

— Na ukianguka hapa kwangu, baba akauliza hatimaye, tufanye namna gani?

Yannick akatabasamu, akanyoosha mkono kuelekea kwangu.

— Gracia, ubaelezee.

Nikaeleza. Nikamlaza kaka yangu mdogo kwenye mkeka nikawaonyesha upande wa kumlaza, mahali pa kuweka nguo chini ya kichwa, namna ya kuangalia saa na kumngoja bila kumwacha peke yake. Niliongea mpaka mama akaniambia imetosha, chakula kinapoa.