Pikipiki ya Marehemu Haiuzwi

Kila alfajiri mama muoka mikate huwasha pikipiki kuukuu ya marehemu mume wake. Ikitetemeka kwa baridi, huchukua bisibisi na kuzungusha skrubu ndogo ya kabureta, inayopima mafuta, mpaka itulie. Kisha hupakia mikate, husema Bismillahi, na kuondoka.

Lakini akisimama njia panda, injini ikiwa imeshapata moto, hutoa moshi mweusi na kuzima. Madereva humpigia honi.

"Shemeji, chuma hicho kimechoka," alisema mdogo wa marehemu asubuhi moja. "Jioni naleta mnunuzi."

"Mlete. Atarudi alivyokuja."

Akasukuma pikipiki hadi kwa jirani yake, fundi wa injini za pampu za maji, mwanamke aliyeitwa Mama Spana, akamweleza jinsi inavyozima.

"Hiyo skrubu unairekebisha saa ngapi?" Mama Spana aliuliza.

"Alfajiri, kabla sijatoka."

"Loo! Unampima mtu nguo akiwa usingizini! Injini baridi hutaka mafuta mengi. Ikipata moto, mafuta hayohayo yanaikaba. Asubuhi tumia choki, iongeze mafuta kwa muda tu. Skrubu iache."

"Basi nitengenezee, dada."

"Sitengenezi. Nikikutengenezea leo, kesho utamwita nani? Shemeji yako?"

Mama muoka mikate akashika bisibisi.

Walisafisha kwanza chujio la hewa. Kisha mama muoka mikate akaiendesha pikipiki mtaani mpaka injini ikapata moto, akaiegesha nje, penye hewa, ikinguruma.

"Zungusha skrubu ndogo polepole upande mmoja," alisema Mama Spana. " Usikaze kwa nguvu, ncha yake ni kama sindano."

Mlio ukaanza kufifia.

"Sasa rudi upande wa pili."

Mlio ukapanda, ukalainika, kisha ukafifia tena.

"Tafuta katikati, pale ulipopanda na kulainika. Hapo! Sasa legeza ile skrubu kubwa ya mwendo, injini isikimbie bure."

Mama muoka mikate akavuta resi, akaachia. Injini ikashuka, ikatulia. Moshi mweusi haukuonekana.

"Alhamdulillahi," alisema, mikono myeusi kwa masizi.

Jioni shemeji alikuja na mnunuzi. Pikipiki ilikuwa mlangoni, ikiwaka taratibu. Mnunuzi akainama, akasikiliza.

"Hii naichukua sasa hivi!"

Shemeji akatabasamu. "Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia. Haiuzwi."

"Lakini mambo ya injini wewe utayawezea wapi?"

"Palepale nilipoyawezea leo. Ukitaka kujifunza, njoo kesho ikishapata moto, nikuonyeshe. Uje na nguo za kuchafuka."

Mnunuzi aliangua kicheko. Mama muoka mikate akaizima injini kwa mkono wake, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la nguo yake.