Ferrari ya Mzee Ndewirwa

Mikono myembamba ya mashine ya kilinganishi ilishuka juu ya Ferrari nyekundu na kuanza kuipapasa. Kila mkono ulikuwa na jicho na sindano ya sauti. Jicho lilisoma rangi, sindano ilipeleka mlio ndani ya chuma na kusikiliza mwangwi wake. Kwa njia hiyo mashine iliikagua kila nati bila kufungua hata moja, kisha ikalilinganisha gari zima na lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani Italia, zaidi ya miaka mia moja nyuma. Mhandisi Aikande Lyimo, aliyeibuni mashine hiyo, alisimama kando akitafuna kucha. Gari lilikuwa la baba yake.

Moshi ya siku hizo ilikuwa ya magari-akili. Mtu anapanda, anataja aendako, anasinzia. Injini za petroli zilipigwa marufuku, ila kila mji uliruhusiwa kubaki na gari moja la kale lenye injini hai, liwe kumbukumbu. Moshi yalikuwepo mawili: Ferrari ya Mzee Ndewirwa, babake Aikande, na Lamborghini ya kijani ya Mzee Msangi. Litakaloonekana liko karibu zaidi na asili yake lingepewa kibali cha barabarani. La pili lingeng'olewa injini na kupelekwa makumbusho, ganda tupu.

Wazee hao walikuwa watani, Mchaga na Mpare, na walikuwa wakiyalinganisha magari yao tangu ndevu zao zikiwa nyeusi.

"Walioliunda gari lako walianza na matrekta," Ndewirwa alizoea kusema. "Na hilo lako bado linanguruma kitrekta."

"Trekta linalima, mtani. Lako linapiga kelele tu, kama Mchaga aliyeangusha shilingi."

"Na wewe unazima injini kwenye mteremko ili usichome petroli. Wapare bwana."

Kilinganishi kilipomaliza, Aikande alisoma matokeo na kumvuta baba yake pembeni.

"Baba, la Mzee Msangi linakushinda. Lako lina paipu ya maji ya Landrova, springi za mhunzi, na giaboksi imechakaa. Lakini kuna njia. Mashine inaweza kulirejesha. Itavifua vyuma upya, chembe kwa chembe, viwe kama vilivyotoka kiwandani. Kanuni zinaruhusu, na ni bure."

"Msangi naye ameambiwa?"

"Ameambiwa. Amekataa."

Ndewirwa alicheka. "Mpare akisikia neno kurejesha, anadhani anadaiwa." Hakuuliza zaidi. Akabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha ridhaa, na Ferrari ikaingia chumba cha ufuaji. Ilipotoka, ilishinda bila ubishi.

Siku ya kwanza ya kibali baba na binti walipanda kuelekea Marangu. Katika giaboksi ile ya zamani, gia mbili ilikataa kuingia mpaka mafuta yapate moto, kwa hiyo kwa miaka mingi Ndewirwa alikuwa akitoka na gia moja, akairuka mbili, akaingia tatu, huku akilibembeleza gari kwa Kichaga. Leo mkono wake uliruka tena, kwa mazoea. Gari likakosa nguvu kidogo. Akarudi nyuma, akajaribu mbili. Iliingia bila kelele, laini, hata hakuisikia. Akaegesha kando ya barabara.

"Limeharibika?" Aikande aliuliza.

"Halijaharibika. Ndiyo shida yenyewe." Mzee aliiangalia miguu yake. "Mama yako alijifunzia gari hili. Kisigino chake kiliila pedali ya klachi upande mmoja, na tangu afariki nilikuwa nikikanyaga namkuta pale. Leo nimekanyaga, hayupo."

Aikande alikuwa amemtafutia baba yake ushindi, na katika kuutafuta akamnyang'anya gari lake. Ilimuuma sana.

Siku ya kung'oa injini ya Lamborghini ilipofika, Ndewirwa alikwenda. Ilikuwa wajibu wake. Mtani akifiwa, unakwenda, unatania, na kazi ya kuzika unaishika wewe, ili mwenye msiba asizidiwe. Alimkuta Msangi amekaa juu ya tairi la akiba, kilinganishi kikisubiri karibu na Aikande.

"Mbona kimya, mtani?" Msangi alisema. "Huu ni msiba wangu. Nitanie basi."

"Kwa nini ulikataa kurejeshewa?"

"Wewe ulidhani ni ubahili."

"Nilidhani ni ubahili."

"Nilishakipindua hiki chombo Same, nikainyoosha bodi mwenyewe kwa nyundo, vibaya tu. Kila bonde pale nalijua kwa vidole. Wakinitolea hayo, nitakuwa namiliki gari la nani?"

Ndewirwa aliipitisha mikono yake kwenye mabonde ya mlango wa kijani, taratibu. Kisha akamgeukia mtani wake.

"Langu limeshakufa, Msangi. Nimeliua mwenyewe kwa kidole gumba, nikikucheka. Hapa sikuja kukuzikia. Nimekuja wewe unizikie." Akamwita binti yake. "Aikande, niondoe kwenye shindano."

"Baba, kibali kikiondoka hakirudi. Injini yako ndiyo itakayong'olewa."

"Najua, mama. Bonyeza."

Msangi aliinuka. Alijua kinachotakiwa kwake. "Mchaga anatoa kitu bure," alisema. "Mwanangu, mpime baba yako homa kwanza." Sauti ikamkatika hapo hapo. Akamshika Ndewirwa, na wazee wawili wakalia wazi, bila kuona haya mbele ya binti.

Aikande alibonyeza. Kilinganishi, ambacho hakikufundishwa msiba wala utani, kilikunja mikono yake, kikaiacha Lamborghini, kikaenda kuisubiri Ferrari.