Begi Moja na Kikombe cha Maji

Mvua ilinyesha bila haraka siku hiyo. Fundi cherehani alikuwa mbele ya mashine yake, karibu na mlango ambako mwanga ni mzuri. Mguu ulikanyaga, gurudumu lilizunguka, kitambaa kilipita taratibu chini ya sindano. Mlio ule ule, tangu asubuhi, ulikuwa unaleta usingizi.

Kando yake alikaa mama yake mzazi. Mtaa mzima ulimwita Bibi. Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu wa uzee. Aliona mwanga na vivuli, basi. Kazi yake ilikuwa kukunja nguo zilizokwisha kushonwa, na alizikunja vizuri kuliko wenye macho yao.

"Nimemwota tena," Bibi alisema.

"Nani, mama?"

"Kitukuu changu. Nimempakata. Sura sikuiona, lakini shingo yake ilinukia maziwa. Kisha mashine yako ikanyamaza, nikaamka."

Fundi aliacha kukanyaga. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, katika mji wa mbali. Kufika huko ni treni mbili. Unashuka kituo cha kati, unavuka upande wa pili, unapanda nyingine.

"Basi twende wote, mama. Usimwote tu. Ukampakate."

"Nenda wewe, mwanangu," Bibi alijibu. "Mizigo unayo ya kutosha. Usiongeze na mimi."

Alisema kwa upole, bila kinyongo chochote. Ndiyo maana maneno yale yalimchoma fundi. Alijua yalikotoka.

Mwaka uliopita walikwenda kwenye harusi ya binti huyo huyo. Fundi alibeba mabegi mawili, kapu, furushi na ndoo yenye mfuniko. Pale kituo cha kati, mikono haikutosha. Alimkalisha Bibi kwenye benchi. "Nakuja sasa hivi," alimwambia, akapeleka mizigo kwanza. Alipokuwa anasukuma furushi la mwisho chini ya kiti, treni iliondoka.

Mizigo yote ilisafiri salama. Aliyebaki ni Bibi. Alikaa kwenye benchi lile akisikiliza viatu vya wapita njia, na kila mara alidhani ni vya mwanawe. Fundi alishuka kituo kilichofuata, akarudi huku analia. Bibi hakumlaumu. Ila tangu siku hiyo, kila akiambiwa safari, alikuwa na neno moja tu: nendeni nyinyi.

Kesho yake fundi alianza kufungasha. Kitanda kilijaa hadi hakikuonekana. Alikuwa anapigana na zipu ya begi la pili aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi humu ndani?"

"Karibu, ndugu yangu."

Aliingia jirani wa mlango wa pili. Watu walimwita Mama Behewa, kwa sababu alifanya kazi kwenye treni za masafa marefu. Alitandika vitanda vya abiria na kuwaamsha wakaribiapo vituo vyao. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha akatazama kitanda.

"Dada, unahama?"

"Nakwenda kumwona mjukuu. Siku chache tu."

Mama Behewa aliinua pasi. "Na hii?"

"Labda nguo zitakunjamana."

"Na viatu hivi vyote?"

"Labda kutakuwa na sherehe."

"Blanketi?"

"Labda kutakuwa na baridi."

"Mwanao hana mablanketi?"

"Anayo. Nilimpa mimi mwenyewe."

Mama Behewa alicheka hadi akatafuta pa kukaa, na pa kukaa hapakuwepo. "Hilo begi limejaa labda tupu," alisema. "Na magauni saba?"

Hapo fundi alikunja uso. "Wewe huelewi. Mimi ni fundi. Nikiingia mahali, watu hawaniangalii uso, wananiangalia mshono. Nikirudia gauni, watasema fundi gani huyu hana nguo."

"Nimewatandikia abiria vitanda miaka na miaka," Mama Behewa alisema, sasa bila kucheka. "Sikumbuki gauni la hata mmoja. Ninaowakumbuka ni wale waliopitwa na kituo chao wakiwa bado wanashusha mabegi."

Bibi aliendelea kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Mama Behewa alikwenda jikoni, akarudi na kikombe kimejaa maji hadi ukingoni. "Sisi wa kwenye treni tuna mtihani wetu. Ukimaliza kufungasha, beba kila kitu. Mkono mmoja shika kikombe. Tembea mpaka bombani, urudi. Maji yakimwagika, hujamaliza kufungasha."

Fundi alivaa begi moja mgongoni, akabeba la pili kwa mkono mmoja, na kapu kwa mkono wa pili. Mkono wa kushika kikombe haukuwepo. Aliacha kapu. Hatua mbili, maji yakamwagikia miguu yake. Alitaka kucheka, machozi yakamlengalenga.

"Na huko safarini, hicho kikombe ni cha nini?" Bibi aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

Fundi alitazama maji sakafuni, kisha akautazama mkono wa mama yake ulioshika kitambaa. Mkono mwembamba, wenye mishipa. Alielewa ule mkono wa kikombe ulikuwa wa kumshika nani.

"Nifundishe," alimwambia jirani yake.

Basi wakaketi sakafuni, na Mama Behewa akaeleza. "Anza na vile visivyofaa kukosekana: dawa, tiketi, vitambulisho, nauli. Viwe mwilini mwako, si kwenye begi. Kisha jiulize, kule niendako kipo? Kama kipo, kiache. Nguo chagua zinazoelewana rangi, ili kila ya juu ivaliwe na kila ya chini. Iliyo nzito vaa siku ya safari. Kule kuna maji na sabuni. Utafua kama unavyofua hapa."

"Na mafuta? Nina chupa kubwa."

"Unakwenda kupaka mtaa mzima? Mimina kidogo kwenye kichupa. Na nguo usizikunje bapa. Ziviringishe. Zitachukua nafasi ndogo na hazitakunjamana sana. Pasi ibaki ilinde nyumba."

Kilichofuata Mama Behewa hakukifundisha, alikitoa fundi mwenyewe kichwani. Alichukua vitambaa viwili vilivyobaki kazini, kimoja cha buluu na kimoja cha rangi ya udongo. Alishona sketi ya kugeuza. Ukichoka na upande huu, unavaa ule. Ndani ya mkanda alitia mfuko mdogo wa dawa na tiketi. Mashine ililia mchana wote, na Bibi alisinzia akitabasamu.

Zawadi za mtoto zilikuwa vigauni vitatu vya pamba. "Hivi hatuvipunguzi," Mama Behewa alisema, na wote wakakubaliana.

Jioni fundi alivaa begi moja tu mgongoni. Alishika kikombe, akatoka, akapita kwenye matope mepesi hadi bombani, akarudi. Watoto wa mtaani walimtazama kama amepotewa na akili. Alikiweka kikombe mkononi mwa Bibi. Bibi aligusa maji kwa ncha ya kidole. Yalikuwa pale pale ukingoni.

Alikishika kwa mikono yote miwili. Kisha akauliza polepole, "Na nguo zangu mbili, zitaenea humo?"

"Zitaenea, mama," fundi alisema, akamfungulia begi.

Bibi aliziviringisha mwenyewe.

Siku ya safari kulikuwa na ukungu. Nje ya dirisha miti ilikuja na kupotea. Bibi alisikiliza magurudumu, akasema yanalia kama cherehani ya nyumbani, akalala begani kwa mwanawe. Alipoamka walikuwa kituo cha kati.

Watu walisukumana. Wengine waliburuta masanduku, mmoja aligombana na gunia. Fundi alimshika mama yake mkono, wakashuka, wakaanza kuvuka. Mkono wake haukulegea.

"Lile benchi liko wapi?" Bibi aliuliza.

Fundi alisita. "Kushoto kwako, mama."

Bibi alinyoosha mkono wake mwingine, akaligusa. Alipitisha vidole juu ya ubao, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Fundi alimngoja. Kisha Bibi akauondoa mkono.

"Twende," alisema. "Leo sina haja ya kukaa."

Walipanda treni ya pili pamoja, nafasi ikiwa bado tele.

Binti aliwapokea mlangoni na mtoto kifuani. Alichungulia nyuma yao. "Mama, mizigo mingine iko wapi?"

"Hakuna mingine."

"Kweli? Wewe?"

"Nilimshika bibi yako," fundi alijibu. "Mikono ilikuwa na kazi."

Walimkalisha Bibi kwenye kiti, wakamwekea mtoto mapajani. Bibi aliinama hadi pua yake ikagusa shingo ile ndogo. Alivuta harufu, akafumba macho. Mtoto alimshika kidole, akakivuta mdomoni.

Siku zote walizokaa kule, fundi alivaa sketi yake ya kugeuza, na wanawake wawili wa jirani walimwomba awashonee kama hiyo. Hakuna aliyeuliza kuhusu magauni mengine.

Siku ya kuondoka, fundi aliviringisha nguo, akafunga begi moja. Alimtafuta mama yake ndani, hakumwona. Bibi alikuwa amekwisha kukaa kizingitini, viatu miguuni, uso kwenye jua.

"Mwakani tutakuja tena," alisema kabla hajaulizwa. Kisha akanyoosha mkono ushikwe.