Usiape, Mama

Tangu baba yake afariki, kazi zote za nje zilikuwa za Hajra. Asubuhi aliteka maji bombani, akapita dukani kwa sukari na chumvi, kisha akakimbilia shule huku anafunga vifungo vya sare njiani. Jioni aliuza vitumbua barazani, akarudi ndani kuosha vyombo. Mama yake, Bi Chausiku, hakutoka. Alikuwa amekaa eda, kavaa nguo nyeupe, hana hina wala wanja, katika chumba kilekile ambamo mumewe alikata roho.

"Nataka eda yangu niimalizie humuhumu," alimwambia Hajra. "Hilo tu ndilo ninaloweza kumfanyia baba yako sasa."

Chumba chenyewe kilikuwa cha kupanga, katika nyumba kuukuu ya Mji Mkongwe, Bagamoyo. Mwenye nyumba alikuwa Yunus, aliyeirithi kwa baba yake na sasa alitaka kuigeuza iwe nyumba ya wageni. Hata arobaini ya marehemu haijasomwa, Yunus alikuja akasimama mlangoni.

"Mimi nilimpangisha Khamis," alisema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. "Khamis hayupo tena. Nyie sina mkataba nanyi."

"Kodi ya mwaka huu alishailipa yote, baba," mama alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Tuache tumalize mwaka."

Yunus aliguna akaenda zake. Kumbe alikwenda kufungua kesi.

Haukupita muda mrefu, mtu wa makamo mwenye mkoba begani akapiga hodi. Hajra alifungua.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Mama yupo? Natoka Baraza la Ardhi na Nyumba, nina wito wake wa kesi."

Hajra aligeuka akalitazama pazia. Alimwona mama yake kwa mawazo akivutwa mkono hadharani akiwa na nguo zake nyeupe za eda. Wakati huo mama alikuwa amelala, macho yamemvimba kwa kulia.

"Hayupo," Hajra alisema. "Kahamia kwao Miono. Sijui kama atarudi."

Yule mtu alimtazama, akaandika maneno hayo, akaaga. Hajra alifunga mlango taratibu. Alidhani amemlinda mama yake, masikini, na hakumwambia mtu.

Baraza likasadiki kwamba mama amehama, likasikiliza upande mmoja tu, likaamua chumba kirudishwe kwa Yunus. Siku ya Jumatatu, wakati wali uko jikoni, dalali wa baraza alifika na vijana wake. Walitoa kitanda, godoro, sufuria, hata mswala wa baba. Wali ulimwagika uani. Mama alisukumwa kwa maneno mpaka akatoka, akapita mbele ya majirani ameficha uso kwa kanga, analia bila sauti. Mvua ikanyesha, godoro likaloa chapachapa. Hajra alisimama pale, akijua vizuri kabisa jambo lililowafikisha hapo.

Jirani yao, Bi Bimdogo, aliwachukua kwake. Chumba kilikuwa kidogo na watu wengi, lakini hakuwauliza watakaa hadi lini.

"Eda ya kuhamahama!" mama alisema usiku ule. "Na hata wito sikuletewa. Nimewakosea nini?"

Hajra alijifunika shuka hadi kichwani.

Bi Bimdogo ndiye aliyekwenda kituo cha msaada wa sheria, mahali wanapowatetea wapangaji wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Akaja Ishaka, wakili kijana, mwepesi wa maneno na wa kalamu. Alimsikiliza mama, akafurahi.

"Hamkuletewa wito? Basi kesi nyepesi hii! Tunaomba uamuzi ufutwe, mama anaapa kwamba hakuna mtu aliyekuja, tumemaliza."

Lakini pale kituoni hakuna karatasi iliyotoka bila kupita kwa Bi Adila, wakili msimamizi. Alikuwa mama mtu mzima, mkali kwa vijana wake, na alikuwa na desturi moja iliyowachosha wote: kabla ya kutia saini alitaka awasikilize kwa masikio yake watu wote wa nyumba husika. Mama alikwenda kituoni pamoja na Hajra, kwa sababu shekhe wa mtaa alisema dharura kama ile inaruhusiwa. Alitembea ameinama njia nzima.

"Ishaka, umemuuliza nani habari za wito?" Bi Adila alianza.

"Mama mwenyewe."

"Mama yuko eda. Haendi mlangoni. Anayefungua mlango ni nani?"

Bi Adila akamgeukia Hajra.

"Ni wewe, mwanangu? Alikuja mtu yeyote wa baraza?"

Watu wote walimtazama. Hajra aliona viatu vyake tu.

"Hakuja mtu."

"Mwanangu hasemi uongo," mama alisema upesi. "Mtoto huyu ndiye aliyebaki kunishika mkono."

Bi Adila alimtazama Hajra kidogo, kisha akakubali. Akaitwa wakili wa ofisi ya jirani kushuhudia kiapo. Alimsomea mama maneno yote polepole: kwamba hakuna mtu yeyote aliyefika nyumbani kwake kuleta wito. Akamsogezea Msahafu.

Mama alikuwa na udhu. Alijifunga ushungi vizuri, akanyoosha mkono. "Wallahi..."

"Mama, usiape!"

Hajra alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili. "Alikuja! Yule mtu alikuja, nikamwambia umehamia Miono. Niliogopa watakuchukua. Ni mimi, mama. Tumetolewa kwa sababu yangu."

Mama alirudisha mkono. Hakumpiga, hakumkemea. Alimtazama tu binti yake, na hilo lilimuumiza Hajra kuliko fimbo.

"Umeniona nalala sakafuni kwa watu," mama alisema, "na ukanyamaza?"

"Tumekwisha," Ishaka alinong'ona.

"Hatujaisha!" Bi Adila alimkatiza. "Wewe ungempeleka mama huyu barazani na kiapo cha uongo. Yule mpeleka wito ameandika alichoambiwa. Wangemwita pale pale, na mjane huyu angetoka anaitwa mwongo wa kuapa, mbele ya Yunus na mji mzima. Na mimi nina kosa. Nilimuuliza mtoto mbele ya kundi la watu wazima, nikaridhika na jibu lake. Leta karatasi nyeupe. Tunaandika ilivyokuwa."

Barazani, Hajra alisimama akasimulia yote, uongo wake mwanzo hadi mwisho. Yunus akacheka kwa dharau.

"Wamemfundisha huyo!"

Mwenyekiti wa baraza aliagiza mpeleka wito aitwe. Yule mtu wa makamo aliingia, akamtazama Hajra, akatikisa kichwa.

"Ndiye huyu. Na maneno aliyonijibu ndiyo hayo hayo."

Sasa ilikuwa wazi kwamba mama hakuujua wito wala kuukimbia. Uamuzi ulifutwa, ikaamriwa arudi chumbani kwake hadi kesi isikilizwe upya. Iliposikilizwa baadaye, baraza lilisema kifo cha mume hakikumpa Yunus ruhusa ya kumtoa mjane kabla ya muda uliolipiwa kwisha.

Lakini siku waliyorudi hapakuwa na vigelegele. Chumba kilinuka ukungu. Godoro alilofia baba lilikuwa limeoza, likatupwa. Mama aliketi sakafuni, akaegemea ukuta.

"Zimebaki siku chache," alisema. "Hizo nitazikaa humu. Zile nilizokaa nje, sizipati tena."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini zimepita."

Bi Adila, aliyewasindikiza, aliinama akamshika Hajra bega.

"Sikiliza, binti. Ulidanganya kwa kumpenda mama yako, najua. Lakini mimi namtetea mtu kwa yale anayoniambia. Sina kitu kingine. Ukinificha, unanifunga mikono nami sijui. Ukiogopa, sema unaogopa. Mtu mzima atajua la kufanya na hofu yako. Na ukishakosea, sema siku ileile. Wewe ulisema, na mama yako hakuapa uongo. Ungesema mapema, asingetolewa humu kabisa."

Hajra aliitikia kwa kichwa. Bi Adila alivaa viatu, akaaga. Hajra alichukua ufagio, akaanza kufagia chumba, na mama yake akasogea kidogo ili apite.